Kila Lilipofika Somo la Mwisho, Niliwatuma Maji

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitajitetea, na nikijitetea mtanionea huruma, na huruma yenu siitaki. Nilipewa kitu bure na watu ambao hawanijui, nikakifanya changu. Kisha mtu akaungua kwa sababu yangu, nami nikamwachia aamini kwamba kosa ni lake. Haya, nimesema.

Jina langu sitalitaja. Watu wa Kapata, mtaa wetu wa mji wa Kolwezi, wakisoma hapa watanijua tu, maana si wengi waliokuwa wakiitwa Prof bila kuwa na shule wala chaki. Wacheke. Nimestahili.

Ili mnielewe, lazima nimtaje marehemu baba yangu. Alikuwa fundi wa mota katika karakana ya ile kampuni kubwa ya zamani ya migodi, enzi ambapo kampuni ilikupa nyumba, unga, hospitali, na hata rangi ya kupaka mlango. Mota ya pampu ikiungua ililetwa kwake. Alizitoa nyaya zilizoungua, akasuka nyingine mpya, mota ikarudi kazini.

Mafundi wa karakana ile walikuwa na desturi yao: kazi ya mwisho haionyeshwi. Msaidizi anaweza kukaa nawe miaka na miaka. Atasafisha, atapima, atasuka. Lakini ikifika saa ya kuunganisha zile ncha za mwisho, anatumwa. "Enda utafute mayi." Akirudi na maji anakuta kazi imekwisha, imefunikwa kwa vanishi, na fundi anapangusa mikono. Waliogopa kwamba bosi atamweka msaidizi mahali pao. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na woga tu.

Msidhani mimi mwanawe nilisalimika! Kampuni ilipoanguka na wazee wakaachishwa kazi kwa wingi, baba alihamishia ufundi wake nyuma ya nyumba yetu pale Kapata. Mimi ndiye nilikuwa msaidizi. Na kila mota ilipokaribia kwisha, alinitazama usoni kwa upole wote wa baba, akasema, "Mwana, enda utafute mayi." Nimemchotea maji mpaka nikaota ndevu.

Alipokufa aliondoka nazo zile ncha. Kulikuwa na mota moja imebaki, ya mtu wa kinu cha kusaga unga. Niliisuka vizuri, nikaunganisha kwa kubahatisha, nikaiwasha. Ikanguruma, ikatoa moshi, ikafa. Siku ile nililia kuliko siku ya mazishi. Sasa niambieni, mtu aliyelizwa namna hiyo si ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kujua?

Basi nikaenda machimboni kama wanaume wengine wote wa Kolwezi. Tulichimba, tukabeba magunia, wanawake wakaosha mawe kwenye maji. Tuliishi. Mpaka siku walipokuja walinzi na askari, uzio ukapita, na tukaambiwa kwamba kuanzia sasa pale pana mwenyewe. Tulifukuzwa sote, wachimbaji, waosha mawe, hata mama wa maandazi na sufuria yake ya mafuta ya moto. Bei ya madini nayo ilikuwa imeporomoka, hivyo hata waliotafuta shimo mahali pengine walirudi mikono mitupu.

Nilikuwa nakaa nyumbani nikitazama dari. Mke wangu, Mama Nono, alivumilia kwa muda, kisha akaniambia kwamba dari ameshaijua na yeye, hakuna kitu kipya kule.

Mjini kuna ofisi moja ambayo mtandao wake wa bure unavuka ukuta na kufika barabarani. Vijana hukaa pale kwenye mtaro wa maji na simu zao. Nikaanza kukaa nao. Wao walitazama mpira na vichekesho. Mimi siku moja nilikutana na somo.

Lilikuwa somo la bure la chuo kimoja cha ng'ambo, kwa Kifaransa: jinsi ya kufunga umeme wa jua nyumbani, tangu paneli juu ya bati mpaka taa mezani. Video, michoro, mazoezi, vyote bure. Na ukurasa wa kwanza waliandika wazi kabisa: mtu yeyote anaruhusiwa kupakua, kutafsiri kwa lugha yake, kunakili na kugawa, bila kuomba ruhusa. Nilisoma maneno yale mara mbili. Kumbukeni hilo, maana baadaye nitajifanya sikuyasoma.

Jamani, halikuwa somo rahisi! Umeme wa Kapata ulikuwa ukikatika, nikarudi mjini kuchaji simu. Nikijaribu nyumbani, mega za mtandao zilikwisha katikati ya zoezi. Kifaransa chao si kile cha sokoni kwetu. Mwalimu alisema "nendeni duka la vifaa mkachukue" utafikiri kila mtaa una duka lile. Wengi walioanza pamoja nami pale mtaroni waliacha kabla ya somo la tatu, na siwalaumu. Hata cheti, ukikitaka chenye jina lako, kilihitaji kadi ya benki, na mimi kadi ya benki nimeiona tu kwa wengine.

Lakini kulikuwa na mahali pa kuuliza maswali. Niliuliza kuhusu betri za zamani za lori, maana ndizo tulizo nazo huku. Mtu nisiyemjua, sijui hata bara lake, alinijibu kwa urefu, akachora, akapiga picha betri yake mwenyewe, akaniuliza kama nimeelewa. Hakunituma maji. Alinipa yote mpaka mwisho, kisha akanitakia kazi njema.

Nikamaliza. Nikafunga paneli moja kwenye nyumba yetu, taa ikawaka wakati mtaa mzima uko gizani. Kesho yake watu walikuwa mlangoni.

Wanne walitaka kujifunza, wote wa machimboni, wote waliofukuzwa pamoja nami. Wanaume watatu na mwanamke mmoja, Godelive. Yeye alikuwa akiosha mawe ziwani tangu msichana, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Alisoma mpaka darasa la sita tu. Nilinunua kadi ya kumbukumbu, nikajaza video zote, nikachomeka kwenye televisheni ndogo. Nilisimama pembeni, nikasimamisha video kila baada ya maneno machache, nikaeleza kwa Kiswahili chetu. Mahali mwalimu aliposema duka la vifaa, mimi nilisema nani ana waya uliong'olewa wapi. Nilifanya kazi nzuri pale, nalisema bila aibu. Ndiyo sehemu pekee ya habari hii nisiyoionea haya.

Na wakaanza kuniita Prof.

Ee, ndugu zangu! Ninyi mnaoitwa majina makubwa kila siku hamjui utamu wa neno lile kwa mtu aliyefukuzwa kama kuku jikoni. Prof, karibu. Prof, kaa hapa kwenye kivuli. Wazee waliofanya kazi na baba walinisalimia kwa kuvua kofia. Nikaanza kunyoosha shati kabla ya kutoka nje.

Somo la mwisho lilikuwa juu ya kinga. Jinsi ya kuweka fyuzi karibu kabisa na betri, kile kiwaya kidogo kinachojikata chenyewe umeme ukizidi. Jinsi ya kuchagua unene wa waya kulingana na mzigo. Betri iwekwe wapi, iwe mbali na nini. Bila somo lile taa itawaka vizuri sana, na siku yoyote nyumba inaweza kuwaka nayo.

Tulipolifikia nilizima televisheni. Nikasema somo hili limefungwa. Nikasema chuo hulifungua kwa yule tu aliyeandikishwa kwa namba, na namba ni yangu. Uongo mtupu! Mdomo wangu uliusema kabla sijaufikiria, utafikiri ulikuwa ukisubiri pale tangu karakana ya baba.

"Haina shida, Prof," wakasema. "Utatufungia we mwenye."

Basi ikawa hivyo. Tulipopata kazi ya kufunga umeme kwa mtu, wao walipanda juu ya bati, wakapitisha nyaya, wakafunga taa. Ikifika saa ya betri, nilisema paneli ina vumbi, inataka kupanguswa. "Mwende mutafute mayi." Waliondoka na ndoo. Mimi nilitoa mfukoni waya wangu mnene, niliokwisha kukata nyumbani, nikaweka fyuzi, nikafunika yote kwa kiboksi cha plastiki, nikapaka gundi pembeni. Wakirudi, nilikuwa napangusa mikono. Nikawaambia kiboksi hakifunguliwi, ukikifungua kinaharibika.

Mama Nono ndiye aliyeniona. Tulikuwa tukifunga kwa jirani, naye alileta chakula. Aliwakuta wale wanne njiani na ndoo, akanikuta mimi peke yangu nimeinama. Alitua chakula, akaondoka. Nyumbani, akikoroga bukari, ugali wetu, alisema:

"Tata Nono, ile njo mambo ya baba yako."

"Mambo gani?"

"Unatuma bantu mayi. We mwenye uliliaka juu ya ile mambo, mi nilikuwa pale. Na leo unafanya bengine vilevile."

Nikamwambia hajui biashara. Nikamwambia wakijua yote watanikimbia, na nani atatuita tena? Alisonga bukari yake, na akanipakulia kwanza kama kawaida, jambo lililonikera zaidi.

Kisha ukaja ule ufukuzaji wa pili. Mtaa alikokaa Godelive ulikuwa juu ya mawe ya madini, kama ilivyo nusu ya Kolwezi, na mgodi ukautaka. Walipita wakipaka alama nyekundu milangoni. Watu walipewa kitu kidogo, wengine hawakupewa kabisa, wakaambiwa watoke. Godelive alikuja kuniaga akiwa na mizigo yake kichwani.

"Prof, banatufukuza tena. Mi naenda Mutshatsha, kwa bandugu ya mama. Kule courant ya umeme haiko, bantu banajinunulia panneau ya jua, kazi itakuwa mingi."

"Vizuri, Godelive."

"Lakini Prof, nisaidie. Unipatie ile somo ya mwisho. Hata kama iko ya français, nitaiangalia mara na mara mupaka nisikie. Minachoka kuwa mutu wa kushikilia bengine ngazi."

Kadi ya kumbukumbu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Hapa, upande wa moyo. Nilikuwa nimetoka kuichomoa kwenye televisheni. Ningenyoosha vidole viwili tu.

"Haifunguke," nikasema. "Inaombaka numero yangu. Ukipata kazi uniite, nitapanda treni nikuje nifunge betri."

Alinitazama kidogo. Kisha akashukuru! Alishukuru, jamani, akaitwika tena mizigo yake, akaenda.

Alinipigia kama alivyoahidi. Amepata kazi kwa mwenye duka pale Mutshatsha, mtu anayetaka friji ya vinywaji, taa na mahali pa kuchajia simu. Akauliza nitakwenda lini. Nikamwambia nitakuja. Treni haikuja wiki ile. Wiki iliyofuata ilikuja, ila mimi nilikuwa na mwaliko kwa mzee mmoja ambaye angenitambulisha kwa wenzake kama Prof. Nikamwambia subiri. Akapiga tena, nikamwambia subiri. Mwenye duka alichoka. Alimwambia Godelive, kama wewe ni fundi funga, kama si fundi sema.

Akafunga. Alifanya yote niliyomfundisha, na yale nisiyomfundisha aliyaacha kwa sababu hakuyajua. Alitumia waya mwembamba ule wa taa kwa ajili ya friji. Fyuzi hakuweka. Aliweka boksi la plastiki juu ya betri, maana mimi huweka boksi, na ndani ya boksi hapakuwa na kitu.

Friji ilifanya kazi siku kadhaa. Watu walikunywa baridi, wakamsifu. Kisha mchana mmoja waya ukawaka, moto ukapanda kwenye katoni na magodoro ya kuuza. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Godelive aliingia kuitoa betri kwa mkono wake wa kulia, mkono ukaungua.

Nilijua haya kwa simu yake. Tulikuwa mezani, Mama Nono na watoto, na bukari bado ina mvuke.

"Prof, njo mi, Godelive." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alinieleza duka, moto, mkono. Kisha akasema, "Lakini haina juu ya mukono nakuitia. Nataka nikuulize. Mi nilisahau nini? Nafikiri, nafikiri, kila kitu yenye ulitufundisha nilifanya. Kuko kitu nilisahau. Uniambie tu, nijue."

Hapa ndipo mahali, wasomaji. Kama mnataka kunihukumu, nihukumuni hapa. Yale ya kadi mfukoni unaweza kuyaita woga au ujinga. Lakini hapa mtu aliyeungua alinipa nafasi, aliniwekea neno la kweli mdomoni, kilichobaki ni kulitamka.

Nikasema, "Labda ulisahau kitu, Godelive."

Akajibu, "Njo vile. Njo ile na mi nilikuwa nasema. Kichwa yangu." Na simu ikakatika.

Mama Nono alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akachukua sahani yake na sahani za watoto, wakaenda kula kwa jirani. Nilibaki na bukari yote peke yangu, na tangu siku ile hakula tena mezani nami.

Mutshatsha walimfukuza. Mwenye duka alisema ni fundi wa uongo, ndugu za mama yake wakaogopa deni la watu wengine kuwaangukia, na mkuu wa mtaa akamwambia aondoke kabla vijana hawajamshika. Basi alifukuzwa mara ya tatu, na safari hii hakukuwa na mgodi wala askari. Nilikuwa mimi. Akaenda Lubudi kwa dada yake, mke wa mtu wa reli.

Mimi nikaendelea kuitwa Prof. Na kila mara niliitika. Habari zilinifikia kupitia wale wanafunzi wengine: Godelive anauza makaa, hataki kusikia habari za umeme. Ukimwuliza anasema kichwa chake si cha masomo, masomo ni ya watu kama Prof. Walinipa salamu zake wakicheka, wakidhani zitanifurahisha. Niliingia chooni nikajifungia.

Karibu mwaka ulipita. Siwezi kuwaambia kwamba niliamka siku moja nikiwa mtu mwema. Kilichotokea ni kidogo tu. Mwanangu Nono alinikuta natengeneza taa, akakaa kunitazama kwa makini, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwana, enda utafute mayi." Akainuka mara moja. Mtoto mtiifu! Alikuwa ameshafika mlangoni na kidumu nilipopiga kelele, rudi! Rudi ukae hapa! Alishtuka mpaka akalia. Hakujua amekosa nini.

Kesho yake nilianza na wale watatu wa Kapata. Nilikwenda nao nyumba kwa nyumba, kila tulikofunga umeme, nikavunja vile viboksi vyangu kwa bisibisi, nikawaonyesha kilichomo. Mmoja alitema mate chini karibu na kiatu changu. Mwingine aliuliza taratibu tu, "Ni hii tulikuwa tunaogopa?" Nikawapa kila mmoja video zote. Hakuna aliyeniita Prof tena tangu siku ile.

Kisha nikapanda lori kwenda Lubudi.

Godelive alikuwa sokoni karibu na stesheni, nyuma ya magunia yake ya makaa. Aliponiona aliruka.

"Prof! Prof, ikala!" Alinipa kigoda chake, yeye akabaki amesimama. Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Unisamehe, nakuamkia na kushoto. Huu mwingine haufunguke muzuri."

Niliushika. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitazunguka, nitauliza hali, nitasifia makaa. Nikamwambia hapohapo. Nikasema somo la mwisho halikuwa limefungwa. Hakuna namba. Hujasahau kitu, Godelive, huwezi kusahau kitu ambacho hukufundishwa.

Alicheka kwanza. Alidhani namtania ili kumtuliza, kama watu wanavyomtania mgonjwa. Nikarudia. Cheko likaondoka polepole.

"Ile siku nilikuya kukuaga," akasema, "kadi ilikuwa wapi?"

"Ku mufuko ya shati."

"Ile shati ya bleu."

"Ile."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naangalia ile mufuko. Nilisema, Prof eko na shati muzuri leo."

Sikujua pa kuweka uso. Mteja alikuja na kikapu, akauliza makaa, Godelive hakumsikia. Nikatoa simu, nikaweka kadi, nikampa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye gunia, akatazama. Nilitafsiri mahali palipohitajika, na si pengi palihitajika. Mwalimu yule wa ng'ambo aliweka fyuzi, akaonyesha waya mnene na waya mwembamba, akaonyesha waya unavyopata moto. Akaaga.

Godelive alisubiri. Alidhani kunaendelea.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

"Lakini ni fupi," akasema. "Prof, ni fupi!"

Ilikuwa fupi kweli. Kwa muda ule maji ya bukari yasingechemka. Na hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kelele. Aliongea akiyatazama magunia yake, hakuniangalia: "Mwaka muzima nilikuwa naambia bantu kichwa yangu ni mubaya. Batoto ya dada yangu bananiulizaka hesabu, naambia, mwende kwa mwingine, mi sina kichwa. Mukono, hata mukono iungue. Lakini kichwa yangu, Prof! Kwa nini ulibeba kichwa yangu?"

Niliomba msamaha. Niliomba kwa maneno yote niliyonayo, ya kanisani na ya nyumbani. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akageukia wenzake wa meza za jirani, mama wa muhogo, mama wa samaki wakavu, na fundi mmoja wa simu.

"Bamama, mukuye. Na we wa telefoni, kuya. Mukuye muone kitu."

Wakaja, wakakusanyika mbele ya gunia. Akarudisha video mwanzo. Kisha akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu alipolia, na hakuniita Prof.

"Tata Nono," akasema, "chukua ile kidumu pale. Enda utafute mayi."

Nikachukua. Nilikwenda mpaka bombani, nikasimama mstarini nyuma ya watoto na wanawake, na sikumwomba mtu anipishe. Niliporudi na kidumu kimejaa, video ilikuwa imekwisha. Godelive alikuwa amechuchumaa, anachora betri chini kwa kipande cha makaa, mkono wa kushoto, mistari imepinda. Fundi wa simu alikuwa akiuliza, yeye akijibu. Niliweka maji pembeni. Akasema, "Asanti," kama unavyomshukuru mtu aliyekubebea mzigo, akaendelea kuchora.

Sijui alisema nini nilipokuwa bombani. Sitajua. Kadi ilibaki kwake, nami nikatafuta lori la kurudi.

Kama amenisamehe, hajaniambia, na sidhani nina haki ya kuuliza. Siku hizi nafunga umeme na wale watatu. Mimi ndiye nashikilia ngazi mara nyingi, na mlangoni kwangu watu wananisalimia kama wanavyomsalimia mtu yeyote. Nono anakaa karibu nami nikifanya kazi, anatazama mpaka ncha ya mwisho. Mama Nono amerudi kula mezani.

Sasa ninyi mnaosoma. Najua mnalalamika kwamba hayo masomo ya bure hayatufikii, mega ni ghali, umeme unakatika, lugha ni ngumu. Ni kweli yote, nimekaa mtaroni, najua. Lakini kwa Godelive somo lilikuwa limeshafika. Lilivuka bahari, likavuka ukuta wa ile ofisi, likaingia mfukoni mwangu, na hapo ndipo likakwama. Kama na wewe una kitu cha namna hiyo mfukoni, kitoe leo, kabla hujapigiwa simu.

Na wewe unayejifunza kwa mtu, nakuomba, nisikilize mimi niliyekuwa mtu huyo. Mheshimu, mshukuru, mbebee ngazi. Lakini kazi ikikaribia kwisha, akikutazama kwa upole na kukutuma maji, usiende. Kaa hapohapo. Mwambie kiu yake isubiri.